Fahamu: Kwa nini Singapore iliwasafirisha bure wanaodamka

Kuongeza treni kwa ajili ya msongamano wa saa mbili tatu za asubuhi ni gharama kubwa. Kumshawishi abiria awahi ni nafuu zaidi.

Juni 2013 Singapore ilijaribu: aliyeshuka na kutoka katika mojawapo ya vituo 16 vya katikati ya jiji kabla ya saa 1:45 asubuhi, siku za kazi, hakulipa nauli. Takriban asilimia 7 ya abiria walihama saa za msongamano. Wachache, ndiyo, ila ndani ya behewa lililofurika hata hao si haba.

Desemba 2017 safari za bure zilikoma, likaja punguzo la hadi senti 50 kwa anayeingia kituo chochote kabla ya saa 1:45. Kuingia, si kutoka: treni ikichelewa njiani, abiria hapotezi chake. Mwenye zamu isiyobadilika, bila shaka, hafaidiki. Saa zake anazipanga mwajiri.