Uniti haziishi vizuri, kunguru kabeba kifaranga, gari linakunywa mafuta

Kila Jumatatu asubuhi tunafungua simu kwa wasikilizaji bila kuwapa mada. Tulidhani tungepata siasa na mpira. Tumepata umeme, kuku na magari. Kwa wiki kadhaa sasa malalamiko ni yale yale, na mara nyingi anayelalamika anamlaumu mtu asiyehusika: mpangaji anamlaumu jirani mwenye friji, mama anamlaumu mwewe, dereva anamlaumu muuza mafuta. Tumeona tukae chini tuandike kwa utulivu kile ambacho hewani huwa hatupati muda wa kukimaliza.

Tuanze na simu ya mama mmoja wa Mbagala. Alisema tarehe mosi alinunua umeme wa shilingi 5,000 akapata uniti tisa na kitu. Wiki mbili baadaye, kwa 5,000 ile ile, akapata uniti 14. "Mwanangu, hiyo mashine inatuibia mwanzo wa mwezi," alisema, na simu tano zilizofuata zote zikamuunga mkono.

Mashine haijaiba. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo Tanzania Bara inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa inalipa zaidi kwa kila sakafu. Kodi hiyo hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo mama yetu aliponunua tarehe mosi, katika 5,000 yake ni 3,500 tu iliyoenda kwenye umeme. Manunuzi ya pili hayaguswi. Na ukipitisha mwezi mzima bila kununua, labda ulisafiri au uliishi kwa taa ya sola, deni halifutiki. Linakusubiri. Ukirudi unakatwa 3,000 kwa mkupuo, na ile 5,000 inakupa uniti tano na nusu hivi.

Sasa hizo 14 zinapatikanaje? Katika bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa kawaida wa nyumbani, anayeitwa T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti moja. Juu yake kuna VAT, asilimia 3 za REA kwa ajili ya umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA. Kwa VAT ya asilimia 18, uniti moja inafika karibu shilingi 356. Ukiivunja ile 5,000 utaona hivi: umeme wenyewe ni shilingi 4,098, VAT 738, REA 123, EWURA 41. Ujumbe wa simu unaokuletea tokeni huwa na mchanganuo huo huo, ila wengi wetu tunanakili zile tarakimu 20 na kuufuta.

Lipo kundi jingine, D1, la nyumba zinazotumia umeme kidogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hao hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha kodi ni 122. Kwa elfu moja wanapata uniti 8.2, wakati T1 anapata 2.8. Wakivuka 75, kila uniti ya ziada inauzwa 350 kabla ya kodi, bei iliyo juu kuliko hata ya T1.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu tunaona jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Chukua nyumba ya kupanga ya uswahilini: vyumba sita, familia sita, mita moja. Kila chumba kina taa mbili, redio, simu za kuchaji, feni ya usiku. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 20 kwa mwezi. Peke yake, familia hiyo ingekuwa ndani ya D1 bila wasiwasi, na ingelipa shilingi 2,440. Lakini mita haihesabu familia, inahesabu uniti. Sita mara 20 ni 120, nyumba imevuka 75, iko T1, na kila chumba kinalipa shilingi 7,125 kwa umeme ule ule. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo inampita kwa sababu kipato chake kidogo kimemlazimisha kuishi na wengine watano. Wakati huo mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba nzuri, akirudi usiku tu kulala, anaweza kuwa D1.

Kisha ije ile 1,500 ya jengo. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, haina utata. Lakini mita iko mkononi mwa mpangaji. Wanaoishi na baba mwenye nyumba uani huwa wanamalizana kwa mazungumzo. Wenye nyumba walio mbali wengi hawajui hata kama inakatwa, au wanajua na wamenyamaza. Msikilizaji mmoja wa Buguruni alituambia aliweka meseji zote za mwaka mzima, akazipeleka siku ya kulipa kodi ya chumba, akasema, "Shikamoo mzee, naomba tuhesabu." Mzee alikasirika dakika kumi, kisha akapunguza. Tunamshauri kila mpangaji atunze meseji hizo. Na mwenye nyumba aliyegundua kwamba jengo lake moja lina mita mbili na zote zinakatwa kodi, aende ofisi inayohusika na kodi hiyo, apeleke namba za mita zote, aombe moja iondolewe.

Kuhusu jirani mwenye friji, ambaye kwenye simu zetu amesemwa sana, tumtetee kidogo. Friji nzima haitishi kama inavyodhaniwa, kwa sababu injini yake inawaka na kuzima. Inayokula ni ile ya mtumba yenye mpira wa mlango uliochoka, inayowaka mchana na usiku bila kupumzika. Weka kipande cha karatasi mlangoni, funga, vuta: kikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Vitu vinavyochemsha ndivyo vyenye njaa ya kweli. Birika la wati 2,000 likichemka dakika sita limekula uniti 0.2, yaani shilingi 71 kwa T1. Pasi na hita ya kuogea ziko kwenye ukoo huo huo. Jirani anayepasi shati moja kila asubuhi, akisubiri pasi ipate moto kwa ajili ya shati moja, huyo mchunguzeni kabla ya mwenye friji.

Kunguru sasa. Mama wa pili, wa Kigamboni, alianza na vifaranga 11 na amebaki na wanne. Anawauza kuku wake kulipia sare na daftari, kwa hiyo saba waliopotea ni ada ya muhula. Alikuwa akimlaumu mwewe, mpaka mjukuu wake alipomshuhudia mwizi akiwa amekaa juu ya mwembe anakula.

Huyu kunguru mwembamba, mweusi, mwenye shingo ya kijivu, ni mgeni. Yule mwenyeji ni mkubwa zaidi, ana shingo na kifua cheupe, na siku hizi mjini Dar es Salaam unaweza kumaliza mwezi hujamwona. Mgeni alitoka India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa nia ya kula taka za mji. Kazi hiyo aliifanya, akaongeza na nyingine ambazo hakutumwa. Mwaka 1947 alikuwa amefika Mombasa, na baadaye akaenea miji ya pwani yote na kuanza kupanda bara. Hapendi msitu. Anakaa palipo na watu, kwa sababu palipo na watu pana jaa, soko, machinjio na meza ya mama lishe isiyofunikwa.

Ndege wadogo wa bustanini ndio waliolipa gharama kubwa. Kunguru anakula mayai na makinda ya shomoro, ya chozi, ya mnana. Mnana wanajenga kwa kundi, viota vinaning'inia kwenye mti mmoja kama taa za harusi, na kunguru akishaupata mti huo anaufanyia kazi siku baada ya siku. Wazee wa Kariakoo na Ilala wanaotupigia wanakumbuka asubuhi zenye sauti nyingi za ndege. Wajukuu zao wanaijua sauti moja.

Kumpunguza ni kazi ngumu kwa sababu ana akili. Ukimtupia jiwe leo, kesho anakujua kwa mkono unaoinama kabla hujaokota. Mitego mikubwa ya waya yenye chambo ndani hunasa wengi siku za mwanzo, kisha wenzao wanaona na kukaa mbali. Ipo pia sumu inayoitwa Starlicide, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege wengine wasumbufu, ambayo imetumika Tanzania na Kenya. Inaua taratibu, saa nyingi baada ya kuliwa, kwa hiyo kunguru wengine hawaunganishi chakula kile na kifo, na mwili wa ndege huwa umeshaivunja sehemu kubwa ya sumu kabla hajafa. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja katika pwani yake. Sumu hiyo ni ya kutumiwa na wataalamu. Tunasema hivi kwa sababu msikilizaji mmoja alitaka kujua kama sumu ya panya inafaa. Haifai, baba. Utaua paka wa jirani, na pengine mtoto.

Kwa mama wa Kigamboni jibu letu ni dogo: tenga. Vifaranga wakae chini ya tenga au wavu wenye matundu madogo mpaka manyoya ya mbawa yatoke, na pumba ziwekwe ndani, si uani. Wengine huwapaka vifaranga rangi wakisema mwewe hawatambui. Kwa mwewe hatubishi. Kunguru wa mtaani kwetu tumemwona kwa macho akiondoka na kifaranga cha zambarau. Na jaa lililo wazi nyuma ya nyumba likiendelea kuwa wazi, atarudi kila siku, maana kifaranga kwake ni kitoweo tu, mlo wake mkuu uko jaani.

Tumebakiwa na gari. Dereva wa Tabata ana Corolla ya miaka mingi, anabeba abiria, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anasubiri bei mpya za mafuta za EWURA kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Anasema gari limeanza kunywa kupita kiasi. Tulimuuliza maswali mengi kabla ya kulifikia lililofaa: je, injini iliwahi kuchemka ukaipeleka kwa fundi? Ndiyo. Fundi alifanya nini? "Alitoa themostati, bosi. Alisema hiyo ni ya nchi za baridi."

Hili tumelisikia kwa mafundi wengi mno. Themostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, na injini inapata joto haraka. Ikifika nyuzi joto 80 na kitu, mlango unafunguka wenyewe na maji yanaanza kuzunguka. Ikizeeka inaweza kukwama ikiwa imefungwa, na hapo gari litachemka hata barabara tambarare, achilia mbali kupanda Kitonga. Fundi akiitoa, gari linaacha kuchemka, mteja anashukuru. Lakini sasa injini haifiki joto lake. Kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza limewashwa asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inabaki nzito, na vyuma vinalika. Dawa ni kuweka themostati mpya, kisha kutafuta kilichochemsha: mara nyingi ni maji ya bomba yaliyojaza kutu kwenye rejeta badala ya kuleanti.

Kwa nini asinunue gari jipya zaidi? Tulimfanyia hesabu hewani. Gari lenye thamani ya milioni 10 likifika bandarini, injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, umri zaidi ya miaka kumi. Ushuru wa forodha asilimia 25, milioni 2.5. Juu ya milioni 12.5 inayopatikana, ushuru wa bidhaa asilimia 5, na mwingine asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu. Kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote. Jumla ni karibu milioni 9.9, kabla ya tozo ndogo na usajili. Gari hilo lingekuwa chini ya miaka minane, ule wa uchakavu usingekuwepo na kodi ingekuwa karibu milioni 5.5. Ila gari la chini ya miaka minane lenyewe halipatikani kwa milioni 10 hiyo, na hapo mazungumzo yanaisha. Kenya wameifunga kabisa njia hii kwa kukataa magari yaliyozidi miaka minane.

Kwa hiyo Corolla itaendelea. Jumatatu iliyopita dereva alipiga tena. Amenunua themostati, na fundi amekubali kuirudisha kwa sharti moja: likichemka, asilaumiwe yeye, walaumiwe watu wa redio.