Kuzunguka Kilimanjaro kwa Baiskeli: Safari ya Hisani Inayochangia Mapambano Dhidi ya UKIMWI

Wakati wapanda mlima wa kampeni ya Kili Challenge wanapoelekea kilele cha Uhuru chenye urefu wa mita 5,895, wenzao huuzunguka Mlima Kilimanjaro kwa baiskeli. Makundi hayo mawili yana lengo moja, nalo ni kukusanya fedha na kufikisha kwa wananchi ujumbe wa mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI.

Kampeni hiyo ilianzishwa mwaka 2002 na Mgodi wa Dhahabu wa Geita, na huendeshwa kwa ushirikiano na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS). Ilizaliwa katika kipindi kigumu. Desemba 31, 1999, Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, aliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2001 ikatungwa sheria iliyounda TACAIDS.

Katika matembezi ya hisani ya aina hii, kilometa zinazoendeshwa hazizai fedha zenyewe. Fedha hutokana na ahadi za kampuni, taasisi na watu binafsi, ambazo kwa kawaida hutolewa katika hafla za harambee. Mwendesha baiskeli ni kiungo kati ya mchangiaji na mhitaji, kwa kuwa jasho lake huwapa wengine sababu ya kutoa. Hata hivyo, ahadi humfikia mlengwa pale tu inapotimizwa. Miongoni mwa walionufaika ni watoto wanaolelewa katika kituo cha Moyo wa Huruma mkoani Geita.

Faida ya pili ni ujumbe. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/23 ulionesha kuwa kiwango cha maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi kilikuwa asilimia 4.4, na kwamba takriban watu wazima 60,000 walikuwa wakipata maambukizi mapya kwa mwaka. Miongoni mwa watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wakifahamu hali zao. Kati ya waliofahamu, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi, na kati ya watumiaji hao, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Takwimu hizo zinaonesha kuwa pengo kubwa lipo kwenye upimaji. Baiskeli hupita polepole, husimama sokoni na kuvuta macho ya watu, hivyo ni chombo kinachofaa kupeleka wito huo vijijini.

Mandhari ya njia ni kivutio na mtihani kwa wakati mmoja. Anayeanzia Moshi hupita Himo, kisha hupanda kuelekea Marangu na Rombo kati ya mashamba ya migomba na kahawa, ambako barabara hushuka makorongoni na kupanda tena mara nyingi. Baada ya Tarakea, njia huelekea upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, ambako mvua ni haba, ardhi ni kavu na vumbi ni jingi. Hatimaye hufika magharibi mwa mlima na kurejea kupitia Siha.

Kwa sababu hiyo, mshiriki anashauriwa kufanya mazoezi ya vilima wiki kadhaa kabla, kukagua breki, gia na matairi, kuvaa kofia ngumu na kunywa maji kabla ya kuhisi kiu. Katika kupanda, gia nyepesi hutumika mapema. Katika kushuka, breki hubanwa na kuachiwa kwa vipindi ili zisipate joto kupita kiasi.

Umuhimu wa michango ya ndani umeongezeka. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini imegharamiwa na wahisani wa nje, na mabadiliko ya sera ya misaada ya Marekani yaliyotangazwa Januari 2025 yamedhihirisha hatari ya utegemezi huo. Serikali ilianzisha Mfuko wa UKIMWI mwaka 2015 ili kuimarisha rasilimali za ndani. Asiyeweza kuzunguka mlima kwa baiskeli bado ana nafasi yake: kuchangia kadiri ya uwezo wake, kupima na kuwaheshimu wanaoishi na VVU.