Je, Wajua? Shimo la Sentimita 10 Hugongesha Mkono wa Mita 12

Mashine ya kunyunyizia dawa yenye upana wa mita 24 ina mkono wa mita 12 kila upande. Mkono ukiwa umekazwa kwenye trekta na magurudumu ya trekta yakiwa yameachana mita 2, moja likizama sentimita 10 tu, ncha ya upande huo hushuka zaidi ya nusu mita. Nozeli nyingi hufanya kazi sentimita 50 juu ya mimea. Ngano ikiwa changa, ncha huchota udongo.

Mashamba ya ngano na shayiri ya Njoro, Rongai na Mau Narok nchini Kenya hayakosi vichuguu wala mashimo. Baya zaidi ni shimo la muhanga: huchimbwa usiku, na ngano hulifunika.

Mikono mingi huning'inizwa, haikazwi kwenye trekta, ili trekta iyumbe peke yake. Lakini kwenye mteremko wa Mau suluhisho hilo hugeuka tatizo. Mkono ulioning'inia hutaka kubaki mlalo hata ardhi ikiinama, hivyo upande wa mlimani ndio unaogonga. Ndiyo maana huongezwa silinda ya haidroliki ya kuuinamisha ufuate mteremko.

Sehemu ya mwisho ya mkono huwa na bawaba yenye springi. Ikigonga kichuguu hukunjika nyuma, kisha hurudi yenyewe.

Mashine za kisasa husikiliza ardhi kama popo. Sensa hutuma sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, hupima muda wa mwangwi kurudi, na mkono huinuliwa kabla ya kugonga. Mwendo ukizidi, haidroliki huchelewa.