Kujua Umri wa Ngoma Kubwa ya Jazz

Ngoma kubwa za bendi za zamani zingali zikionekana huku na huku: darini, katika ghala la kanisa, au katika duka la vitu vikuukuu. Mara nyingi anayeipata ngoma ya namna hiyo, awe Bungoma au Kitale, hukimbilia kopo la rangi na msasa apate kuipendezesha. Hilo halifai hata kidogo. Ngoma hiyo ina habari za umri wake na za kazi iliyofanya, na habari hizo zimo katika vitu vile vile ambavyo msasa huviondoa. Basi yafaa tujue namna ya kuzisoma.

Isukuti ya jirani zetu Waidakho na Waisukha huchongwa katika gogo moja na kuwambwa ngozi ya kenge. Ngoma ya jazz haichongwi. Mzinga wake ni mbao nyembamba zilizokunjwa duara, nayo huwambwa pande zote mbili, na kila upande hushikwa kwa pete ya mbao na vyuma vya kukazia. Ni kazi ya kiwanda, na kiwanda huacha alama.

NI YA JAZZ AU YA GWARIDE?

Si kila ngoma kubwa ni ya jazz. Majeshi yalikuwa na ngoma zao, na Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, hupiga ngoma kubwa katika bendi zake. Ngoma ya gwaride hubebwa kifuani na kupigwa kulia na kushoto. Kwa hiyo huwa na kulabu za mkanda, na ngozi zake huchakaa pande zote mbili.

Ngoma ya jazz huwekwa chini na kupigwa kwa mguu. Mwaka 1909, huko Chicago, William F. Ludwig na ndugu yake walianza kuuza kikanyagio chepesi, chenye mwendo wa haraka, na mtu mmoja akaweza kupiga ngoma kubwa kwa mguu huku mikono ikishughulika na ngoma ndogo na matoazi. Basi tazama pete ya chini: kikanyagio huacha makovu mahali kilipoibana. Tazama pia kama ngozi imechakaa upande mmoja tu, na kama mzinga una matundu ya vyuma vya kushikia matoazi.

BAMBA LA KIWANDA

Ushahidi ulio bora ni bamba dogo la chuma, au kibandiko kilicho ndani ya mzinga. Jina la kiwanda pamoja na mji wake huweza kutaja miaka. Bamba lenye maneno Ludwig & Ludwig, Chicago, ni la kati ya mwaka 1909 na 1930 hivi, kwa kuwa kiwanda hicho kiliuzwa mwaka 1929 na kazi ikahamishiwa mji wa Elkhart. Mwaka 1937 Ludwig alianzisha kiwanda kingine, akatumia herufi WFL. Ngoma za Premier za Uingereza zilitengenezwa London tangu mwaka 1922. Mwaka 1940 kiwanda kikapigwa mabomu, kikahamia Leicester. Lakini jihadhari: kibandiko cha duka humtaja aliyeuza, si aliyetengeneza.

UKUBWA, VYUMA NA NGOZI

Kama bamba limepotea, chukua futi. Pima upana wa uso kutoka ukingo hadi ukingo, kisha kina cha mzinga. Katika miaka ya 1920 ngoma ya jazz yenye upana wa inchi 28 ilikuwa jambo la kawaida. Kufika miaka ya 1950 wapigaji wengi walipenda inchi 22 au 20. Vyuma navyo husema: nikeli ya zamani hufifia na kuwa na umanjano, na kromu, inayong'aa kwa weupe wa kibuluu, ilienea tangu miaka ya 1930.

Ngozi ndiyo huwapotosha wengi. Nyuso za plastiki zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1957, lakini uso hubadilishwa kama mpini wa jembe. Tuseme umepata ngoma ya inchi 28, bamba lake Ludwig & Ludwig, Chicago, na uso wake wa plastiki. Usiseme ni ya mwaka 1957. Ngoma yenyewe ni ya mwaka 1930 au kabla yake, na plastiki yakuonyesha kwamba zaidi ya miaka 25 baadaye ilikuwa ingali kazini. Hiyo ni habari kubwa kuliko umri peke yake.

FAIDA YAKE

Reli ilifika Kitale mwaka 1926 na Kampala mwaka 1931, na mizigo ya ng'ambo iliyoteremshwa Kilindini ikapata njia ya kufika bara. Mwaka 1932 Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa, na baada yake bendi nyingi za Afrika ya Mashariki zikajiita Jazz. Habari za wapigaji wa miji midogo kama yetu ni chache katika vitabu, na wazee walioshika magongo hayo wanapungua kila mwaka. Ngoma iliyosuguliwa na kupakwa rangi haiwezi tena kuwashuhudia.

Kwa hiyo, ukiipata, pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu tu. Usibandue kibandiko, wala usitupe ngozi iliyopasuka. Andika vipimo, maneno yote ya bamba, jina la aliyekuwa nayo, na mahali ilipopigwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.