Siri Iliyokaa Mkononi

Wafanyabiashara wa dunia wamejua tangu zamani kwamba bidhaa yenye siri hujitangaza yenyewe, kwa kuwa kila aulizaye ndani yake mna nini huwa ameipigia mbiu bila ujira. Ndiyo maana kampuni ya Coca-Cola, ambayo kinywaji chake kilibuniwa na John Pemberton mjini Atlanta mwaka 1886, ilipoitoa benki karatasi ya mchanganyiko wake mwaka 2011, iliihamishia katika nyumba yake ya maonyesho, ambako wageni hulipa kiingilio wakautazame mlango uliofungwa.

Mwaka huohuo, katika nchi ya Wasonjo, kaskazini mwa Tanzania, jirani na Digodigo, lilitokea jambo ambalo wataalamu wa tijara wangalifaa kulitalii kwa makini zaidi. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, marehemu Ambilikile Mwasapile, ambaye taifa zima lilimwita Babu wa Loliondo, aliwanywesha watu kikombe cha dawa kijijini Samunge kwa shilingi 500, wala hakuuficha mti wake: ulikuwa mugariga, ambao watu wa pwani huuita mtandamboo, na mizizi yake ilichemshwa mchana kweupe, ikamiminwa katika vikombe vya plastiki, vikapitishwa madirishani mwa magari yaliyopanga foleni ya kilomita nyingi, ilhali wenye uwezo walishuka kwa helikopta.

Haiba yote ilikaa katika sharti. Babu alisema kwamba ameoteshwa na Mungu, na kwamba dawa haifai isipotoka mkononi mwake, hapohapo Samunge, kikombe kimoja, mara moja tu. Mti huota sehemu nyingi, mkono ni mmoja. Hata waliozuka Mbeya na Tabora na vikombe vyao iliwabidi nao wadai kuoteshwa, maana mizizi peke yake isingalimtoa mtu nyumbani kwake.

Siri ya soda haimpunguzii mnywaji kitu, lakini tiba ni amana. Wako wagonjwa waliofia foleni ile, na wako walioacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kwa kuitakidi kwamba wamekwisha pona. Mizizi hupimika maabara. Sharti la mkono halipimiki, na kwa hiyo halistahili kumtenga mgonjwa na vidonge vyake. Atangazaye tiba, hata akiwa mcha Mungu asiye na tamaa ya mali, adaiwe jambo moja kabla ya foleni kupangwa: vipimo vya damu vya wagonjwa wake, vya kabla ya kikombe na vya baada yake.