Mkubwa wa kazi, umemwuliza anataka kufika wapi?

Juma hili, msomaji mpendwa, tuyaache malaria na kisukari. Nataka tuzungumze juu ya maumivu ya kichwa ambayo hayaonekani katika picha ya eksirei.

Majuzi alinijia mama mmoja, karani wa hesabu. Kichwa kilimwuma kila Jumapili jioni, usingizi aliupata saa nane za usiku, na moyo ulimdunda kila simu ilipolia. Nilimpima shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Vyote vilikuwa sawa. Nilipomwuliza kuhusu kazi, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Daktari, ni miaka miwili sasa mkubwa wangu haniulizi lolote ila kama ripoti iko tayari."

Mama huyu hufika ofisini siku mbili kwa juma, nyingine tatu hufanyia kazi nyumbani. Mtindo huu ulienea humu nchini baada ya Machi 2020, serikali ilipowataka wanaoweza wafanyie kazi nyumbani kwa sababu ya Korona. Janga lilipopungua, baadhi ya ofisi zilibakia nusu kwa nusu. Naye akawaona wenzake wa kila siku wakipandishwa vyeo, akaamini amesahaulika.

Ofisini mtu hupata dalili ndogo ndogo kwamba bado anathaminiwa: salamu kwenye ngazi, mzaha wakati wa chai. Nyumbani hakuna. Akili huujaza ukimya kwa hofu, na mwili hauwezi kupambanua hofu ya kufutwa na hofu ya simba. Moyo huenda mbio, misuli ya shingo hukaza, usingizi hupaa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022, linasema uchovu mkubwa utokanao na mikazo ya kazi ya muda mrefu si ugonjwa, bali ni jambo la kazini. Maana yake ni kwamba mimi na tembe zangu hatutoshi.

Wewe uliye mkubwa wa kazi, tenga siku ya kuzungumzia maisha ya mbele ya mfanyakazi wako, isiwe siku ile ile unayodai ripoti. Chagua siku anapokuwa ofisini, mkae wawili, mlango umefungwa. Ikibidi iwe kwa simu, mwarifu mapema na umwulize kama yuko peke yake. Wengi wetu nyumba zetu ni chumba kimoja na watoto wamo humo humo. Mwulize kazi gani inamchosha, ipi angependa kuifanya miaka miwili ijayo, na anakosa nini ili aifikie. Kisha nyamaza usikilize. (Hapa ndipo wakubwa wengi hushindwa.) Kama cheo hakipo, mwambie hakipo. Nimewaona wagonjwa walioumizwa na ahadi tamu kuliko na jibu la "hapana". Andikeni jambo moja mtakalofanya, na tarehe yake.

Tena usimpime mtu kwa kuonekana. Sote tunalijua lile koti linaloning'inia kitini tangu asubuhi huku mwenyewe yuko mjini kwa shughuli zake!

Nawe mfanyakazi, usingoje kuitwa. Omba nafasi, ukiwa na orodha fupi ya kazi ulizokamilisha.

Yule mama aliomba. Mkubwa wake alishangaa. Alidhani anapenda kuachwa kwa utulivu wake. Cheo hakupata, ila amepewa hesabu za tawi jingine ajifunze. Siku hizi hulala saa tano, ingawa Jumapili nyingine kichwa bado humgonga.

Lakini ukikosa usingizi kwa zaidi ya majuma mawili, ukisikia maumivu ya kifua, au ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje mazungumzo ya ofisini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.