Kinga ya Kompyuta Isiyouzwa Dukani

Mzazi wa Eldoret akinunua kompyuta ya mtumba, au mwalimu mkuu akiandaa maabara ya shule, swali la kwanza huwa ni antivairasi gani inunuliwe. Jibu langu ni kwamba wengi wao hawahitaji kununua yoyote. Kompyuta yenye Windows 10 au 11 huja na Microsoft Defender bila malipo, na kwa miaka kadhaa sasa maabara huru ya AV-TEST ya Ujerumani imeipa alama za juu sawa na programu za kulipiwa. Anayelipa ada kila mwaka mara nyingi hununua kitu ambacho tayari anacho, huku mlango halisi wa hatari ukibaki wazi.

Mlango huo ulionekana Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba ufa ule Microsoft ilikuwa imekitoa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia hasa ni wale ambao hawakusasisha mashine zao. Kinga ilikuwepo, tena bure, ila haikuwekwa.

Wapo watakaosema kusasisha kunamaliza bando. Ni kweli, na kwa familia nyingi hilo si jambo dogo. Lakini Windows ina mpangilio unaoruhusu kompyuta moja ipakue sasisho kisha zile nyingine za mtandao uleule zilichukue kwake, kwa hiyo maabara ya mashine 20 haina haja ya kulilipia mara 20. Wengine hukimbilia programu za wizi, zile zinazofunguliwa kwa “crack”. Hapo ndipo ninaposikitika zaidi, kwa sababu crack nyingi humtaka mtumiaji azime kinga kwanza, na anayezima kinga yake kwa ombi la mtu asiyemjua amemkabidhi mashine nzima. Akiba hiyo ni hasara.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba haziwezi kubeba Windows 11. Hizo zafaa kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure na husasishwa. Kwa watoto, kuweka anwani ya Cloudflare 1.1.1.3 kwenye ruta huzuia tovuti za ngono na zenye virusi, nayo hailipiwi. Nakubali kwamba shule kubwa yenye seva na rekodi za wanafunzi, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka izilinde, inaweza kufaidika na programu ya kulipiwa inayosimamia mashine zote kutoka sehemu moja. Ilipie, mradi imalize kwanza yale ya bure.

Pesa zinazobaki zinunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala za mafaili, inayochomolewa kazi ikiisha, kwani virusi vya fidia hufunga pia diski iliyoachwa imechomekwa. Wanafunzi nao wapewe akaunti zisizo na ruhusa ya kusakinisha programu. Walimu wa kompyuta, fanyeni hayo mawili kabla muhula haujafunguliwa.